Niliandika sifuri kwa miti ambayo sikuifikia

Shikamoo Shangazi,

Nimekuwa msomaji wa safu yako kwa muda mrefu, na sikutegemea kwamba siku moja ningekuwa mimi mwenye shida. Nina umri wa miaka 24. Mwaka huu nilikaa miezi mitano katika kituo cha utafiti kilichomo ndani ya msitu wa mvua, nikifanya kazi ya kujitolea, na hii ni wiki ya saba tangu nirudi nyumbani. Kila anayenipokea hunipongeza kwa kufanya jambo kubwa, na kila ninapopongezwa ninakosa raha, kwa sababu ninalijua jambo ambalo wao hawalijui.

Naomba kwanza nikueleze kazi yenyewe. Nilipangiwa njia moja yenye miti 94, kila mti ukiwa na kibati chenye namba kilichopigiliwa msumari. Mara moja kwa mwezi ilinipasa kuipita njia hiyo yote nikiwa na darubini, nisimame chini ya kila mti, niyachunguze matawi ya juu kabisa mpaka shingo iume, kisha nijaze katika fomu alama kuanzia 0 hadi 4 kwa maua, kwa matunda mabichi, kwa matunda yaliyoiva na kwa majani machanga. Sifuri maana yake ni kwamba nimeangalia na sikuona kitu. Sheria ya kituo haimruhusu mtu kuingia msituni peke yake, kwa hiyo nilifuatana na mzee mmoja mwenyeji wa eneo lile, ambaye ameifanya kazi hiyo kwa miaka mingi na ambaye huweza kuutambua mti kwa kulikwaruza gome lake na kulinusa. Ndiye aliyenifundisha kuisikia mvua kabla haijanilowesha, maana kule mvua huanza kama mshindo wa mbali juu ya majani, nayo matone huchelewa sana kufika ardhini.

Miezi miwili ya kwanza niliipenda kazi hiyo kwa moyo wangu wote, ingawa fomu zangu zilijaa sifuri kutoka juu hadi chini. Mwezi wa tatu mvua zilikuwa nyingi, na mto unaoikata njia yetu ukafurika hadi kulifunika gogo tunalolitumia kuvukia. Mzee alikataa tusivuke, na alikuwa na haki. Miti 34 ya mwisho, kuanzia namba 61, ikabaki ng'ambo. Jioni, nilipokuwa nikinakili fomu kwa usafi, niliona aibu kuiwasilisha ikiwa na mapengo. Nikakumbuka kwamba mwezi uliotangulia karibu miti yote ile ilikuwa na sifuri, nikaijazia sifuri.

Mwezi wa nne sina hata kisingizio hicho. Mto ulikuwa umepungua, lakini miguu yangu ilikuwa imefanya vidonda kwa kushinda ndani ya viatu vilivyolowa, na nilikuwa nimechoka. Tulipofika kwenye gogo nikamwomba mzee turudi. Akanikubalia, akaniambia, "Basi andika kwamba hatukufika." Nikamwitikia vizuri. Usiku ule nikaandika sifuri.

Mwezi wa tano tulivuka. Chini ya mti namba 78 tulikuta maganda meusi yaliyooza, mengi kiasi cha kuifunika ardhi, na katikati yake miche midogo iliyokuwa imetoa majani mawili mawili. Mzee aliyatazama kwa muda, akanigeukia, kisha akaendelea na njia bila kusema neno. Mti ule ulikuwa umezaa, ukaivisha na kudondosha, nami nilikuwa nimeandika mara mbili kwamba haukuwa na kitu.

Sikumwambia mtu yeyote. Msimamizi wa kituo ameniandikia barua ya mapendekezo inayonisifu kwa uangalifu wangu, na nimekwisha kuiambatisha kwenye maombi yangu ya shahada ya uzamili. Linaloniumiza zaidi ni kwamba jina la mzee limo katika kila fomu pamoja na langu, naye hajui kusoma. Kwa hiyo aliweka alama yake chini ya uongo ambao hakuufahamu. Nikisema, ninaogopa atafukuzwa. Nisiposema, ninaona kwamba miezi yangu yote mitano haikuwa na maana. Pengine ni sifuri 34 tu katika bahari ya takwimu, na labda ninajitesa bure. Nishauri, Shangazi.

Mimi binti yako, msomaji

*

Marahaba, mwanangu.

Nitaanza na jibu, kwa sababu nadhani umekwisha kulisubiri vya kutosha: waandikie kituo, na uwaandikie wiki hii. Sikutumi ukajidhalilishe. Ninakutuma ukarekebishe fomu, na urekebishaji huo unawezekana leo kwa urahisi ambao hautakuwapo baada ya miaka kumi, wakati ambapo wewe mwenyewe utakuwa umesahau ni miezi ipi na ni miti ipi.

Zamani, kabla sijapewa safu hii, nilifanya kazi ya kuingiza kwenye kompyuta madaftari ya vipimo vya mvua. Katika daftari la kituo kimojawapo, mvua haikunyesha siku ya Jumapili kwa miaka mingi mfululizo, na Jumatatu zake zilikuwa na mvua kubwa kuliko siku nyingine zote. Ilinichukua muda kuelewa. Mpimaji alikuwa hafiki Jumapili. Maji yalibaki ndani ya kipimo, akayasoma Jumatatu yakiwa ya siku mbili, na kwenye mstari wa Jumapili akaandika sifuri. Hakuwa mtu mbaya, kwani yote aliyoyapima aliyapima kwa usahihi. Lakini kwa kuwa alitumia alama ileile kwa "haikunyesha" na kwa "sikuwapo", hatukuweza tena kuzitofautisha Jumapili za kiangazi na Jumapili za mvua, na mvua ya kila Jumatatu nayo ikawa haiaminiki. Angeacha nafasi tupu, tungejua la kufanya. Tangu wakati huo, kila ninapoona safu ndefu ya sifuri ninajiuliza kama kuna mtu aliyeangalia.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana nawe unapojifariji kwamba ni sifuri 34 tu. Kwanza ni 68, kwa kuwa ulifanya hivyo miezi miwili, na kila mti una safu nne katika fomu. Pili, tazama uongo wenyewe unaelekea wapi. Katika hifadhi ya Lopé, nchini Gabon, watu wamekuwa wakiifanya kazi hiyohiyo uliyoifanya wewe, mwezi hadi mwezi, tangu mwaka 1986: kupita njia, kuinua darubini, kuandika alama. Mwaka 2020 watafiti walichapisha walichokiona katika kumbukumbu za hadi mwaka 2018. Uwezekano wa mnyama kukuta matunda yaliyoiva ulikuwa umepungua kwa asilimia 81. Katika miaka ya 1980 tembo wa msituni aliweza kupata matunda yaliyoiva kwenye mti mmoja kati ya kila miti kumi aliyoipitia, lakini miaka ya karibuni ilimbidi aipite miti zaidi ya hamsini. Walizilinganisha pia picha za tembo za miaka mbalimbali, wakakuta kwamba hali ya miili yao ilikuwa imeshuka kwa asilimia 11 tangu mwaka 2008. Watafiti hao wanauhusisha upungufu wa matunda na ongezeko la joto na upungufu wa mvua, maana huko kuna miti inayohitaji usiku wenye ubaridi kiasi fulani ndipo ichanue.

Habari nzima hiyo imejengwa juu ya sifuri. Sifuri zilizoongezeka mwaka hadi mwaka ndizo zilizouambia ulimwengu kwamba tembo wa Lopé wanakonda. Sasa fikiria njia ambayo wapita njia wake, kila mto unapofurika au miguu inapouma, wanajaza sifuri kwa miti ya ng'ambo. Msitu ule utaonekana kuwa unaacha kuzaa ilhali wanaochoka ni watu. Na kwa kuwa mto hufurika zaidi katika miezi ya mvua nyingi, itaonekana pia kwamba mvua ndiyo inayoyazuia matunda. Mtafiti ataitafuta sababu ya jambo ambalo halikutokea, na anaweza kuipata. Hilo ndilo linalonisukuma nikuhimize, wala si suala la wewe kuwa mwema au mwovu.

Kuna upande wa pili, nao unanipa matumaini kwa ajili yako. Kosa linalojulikana halina nguvu hiyo. Kwenye kisiwa cha Barro Colorado, nchini Panama, kuna eneo la hekta 50 ambalo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 kila mti wenye unene wa sentimita moja au zaidi umepewa namba na kupimwa, na miti hiyo ni zaidi ya laki mbili. Katika vipimo vya awali, unene wa miti midogo ulishushwa hadi kwenye milimita tano zilizo karibu. Mti wa milimita 19, kwa mfano, uliandikwa 15. Hayo yangeweza kuvuruga kila hesabu ya ukuaji wa miti midogo. Hayakuvuruga, kwa sababu waliopima waliandika bayana kwamba ndivyo walivyofanya, na waliokuja baadaye walilijua hilo wakalizingatia katika hesabu zao. Watu wa takwimu wamezoea mapengo. Wanazo njia za kufanya kazi na mti ambao haukuchunguzwa Machi. Lakini hawana njia yoyote ya kukijua kile ulichokinyamazia.

Kwa hiyo andika barua fupi, na uanze na tarehe. Taja tarehe mbili za fomu hizo, taja namba za miti, kuanzia 61 hadi 94, sema kwamba haikuchunguzwa, na uombe sifuri zake zifutwe na mahali pake pawekwe alama wanayoitumia kwa mti ambao haukufikiwa. Kama bado unalo daftari dogo ulilokuwa ukilibeba msituni, piga picha kurasa za siku hizo mbili uziambatishe. Tafadhali usijaribu sasa kukisia ni mwezi upi mti namba 78 ulikuwa na matunda. Ninajua kishawishi hicho kitakujia, kwa sababu mtu anayejuta hutamani kulipa zaidi ya deni, lakini huko kutakuwa kujaza fomu kwa mara ya tatu bila kuangalia. Maganda na miche uliyoiona ni jambo jingine, kwa kuwa uliiona kwa macho yako. Ieleze kama ulivyoiona na siku uliyoiona. Ni ushahidi wa kweli kwamba mti ule ulizaa kati ya ziara yako ya mwezi wa pili na ile ya mwezi wa tano, na kituo kinaweza kuutumia.

Sababu za kufanya ulivyofanya zinatosha sentensi mbili: mwezi mmoja mto ulifurika, mwezi mwingine uliamua kurudi. Usiandike kurasa za majuto. Atakayeipokea barua hiyo ana kazi ya kufanya, na barua iliyojaa machozi itamlazimisha aanze kukubembeleza.

Kuhusu mzee, hapa ninakuomba utulie unisome polepole, kwa maana ndipo ninapoona umejichanganya. Unasema unanyamaza ili kumlinda. Ninaamini kwamba unampenda na kumheshimu. Lakini hebu tazama ilivyo sasa: jina lake limo katika fomu mbili za uongo, na mtu pekee anayeweza kuthibitisha kwamba alikuambia uandike ukweli ni wewe. Siku mtafiti mwingine atakapogundua kwamba takwimu za ng'ambo ya mto zina walakini, wewe utakuwa mbali, na atakayeulizwa ni yeye aliyebaki pale. Ukimya wako haumlindi. Katika barua yako iwepo sentensi isiyo na utata inayosema kwamba mwezi wa tatu alizuia msivuke kwa sababu za usalama, kwamba mwezi wa nne alikuelekeza uandike kuwa hamkufika, na kwamba sifuri uliziandika wewe peke yako, usiku, bila yeye kujua. Usiongeze sifa nyingine juu yake, isije ikaonekana kwamba unamtetea mtu mwenye hatia.

Na kabla barua haijaondoka, mjulishe. Mtafute kwa simu, ya kwake au ya mtu wake wa karibu, umwamkie, umweleze ulichokifanya na unachokwenda kukifanya. Humwombi ruhusa, kwa kuwa ukimwomba ruhusa utakuwa umemtwisha uamuzi wako. Unampa heshima ya kulisikia kutoka kinywani mwako kabla hajalisikia ofisini. Sitashangaa akikuambia kwamba alikwisha kujua. Mtu anayeutambua mti kwa harufu ya gome lake hakuyatazama yale maganda na kukugeukia bure. Naona alikuachia nafasi ya kusema mwenyewe, na miezi hii yote nafasi hiyo bado iko wazi.

Lipo pia jambo ambalo hukuniuliza. Fomu ambayo mmoja wa wanaoiwekea alama hawezi kuisoma ni fomu yenye kasoro ya tangu mwanzo. Unaweza kupendekeza, kwa adabu, kwamba kila jioni fomu isomwe kwa sauti mbele ya wote wawili kabla ya kuwasilishwa. Kama utaratibu huo ungekuwapo, usingeweza kuandika zile sifuri za mwezi wa nne, na nadhani hata zile za mwezi wa tatu zingekushinda. Nafasi za wazi katika fomu nazo zisimtie mtu aibu. Kijana anapoogopa kuwasilisha pengo, yawezekana hakuna aliyewahi kumwambia kwamba pengo linapokewa.

Barua ya mapendekezo ni ngumu zaidi, na sitakudanganya kwamba haitakugharimu. Msimamizi alikusifia uangalifu akiwa hajui. Barua ya masahihisho ikimfikia yeye, mwambie humohumo kwamba unafahamu ingeweza kubadilisha maoni yake, na kwamba akitaka kuiondoa au kuiandika upya utakubali. Kisha mwachie uamuzi. Huenda akaiondoa, na nafasi ya masomo ikakupita mwaka huu. Huenda pia akaona kwamba mtu aliyejisahihisha bila kukamatwa anafaa kukabidhiwa fomu kuliko yule aliyemfikiria alipoiandika barua mara ya kwanza. Sijui lipi litatokea. Ninachokijua ni kwamba unaomba kwenda kusomea kazi ambayo itakuweka peke yako na fomu mara nyingi mno, na ni vigumu kuiingia ukiwa na siri ya aina hii.

Sasa nije kwenye lile la kwamba miezi yako haikuwa na maana. Nimeipiga hesabu kutokana na ulivyonieleza. Miti 94 kwa miezi mitano ni ziara 470. Ukitoa 68 ambazo hazikufanyika, zinabaki 402, ambazo kila moja ulisimama chini ya mti, ukauangalia, ukaandika ulichokiona. Hizo ndizo unazozitetea kwa barua hii. Ukinyamaza, zote 470 zinakuwa na shaka, hata kama wewe tu ndiwe unayejua, na nadhani hilo ndilo linalokunyima raha unapopongezwa. Ukisema, 402 zinasimama.

Usizidharau kwa kuwa karibu zote ni sifuri. Katika misitu ya Borneo na nchi jirani kuna miti mikubwa ya jamii ya Dipterocarpaceae ambayo hukaa miaka bila kuchanua, kisha mwaka mmoja usiotabirika miti ya aina nyingi huchanua na kuzaa kwa pamoja katika eneo kubwa, na baada ya hapo hurudi kwenye ukimya wake. Mtu anaweza kujitolea huko mwaka mzima na asione ua hata moja kwenye miti hiyo. Lakini wale waliopita kabla yake na kuandika sifuri mwezi baada ya mwezi ndio waliowezesha kujulikana kwamba uzazi ule huja kwa pamoja na kwa nadra. Wewe uliingia katika mstari wa watu wa namna hiyo kwa miezi mitano, na mwingine amekwisha kuipokea njia yako, ana miti 94 ileile na anavuka gogo lilelile. Akikuta katika kumbukumbu kwamba mti namba 78 haukuwahi kuwa na tunda mwaka huu, na huku miche yake inamgusa miguuni, atadhani amekosea yeye.

Tarehe uliyoiona miche ile ndiyo uianze nayo utakapoketi kuandika, maana ndiyo unayoikumbuka vizuri kuliko zote.

Shangazi yako